Simu ilipasuka, kidole kikapona: hivi kuwa hai ni nini hasa?

Wiki mbili zilizopita nilipata ajali mbili ndani ya siku moja, zote za kizembe. Asubuhi simu ilinichoropoka mkononi ikadondokea kwenye kona ya ngazi, kioo kikapasuka kuanzia juu mpaka chini. Jioni nikiwa nafungua boksi kwa kisu huku kichwani napiga hesabu ya kioo kipya, kisu kikateleza kikazama kwenye kidole gumba cha kulia, damu ikatiririka mpaka kwenye kiwiko.

Leo ninavyoandika haya simu bado ina ufa ule ule, haujasogea hata unywele. Kidole kimepona. Na kusema ukweli mimi sikufanya chochote cha maana, nilikiosha na maji nikakifunga kitambaa basi, kazi yote iliyobaki ilifanyika mimi nikiwa nimelala, nikiwa naangalia mpira, nikiwa nabishana na watu kwenye magrupu. Ndani ya dakika chache chembe sahani za damu zilikuwa zimeshajibandika pale penye kidonda, nyuzi za protini zikasukwa juu yake kama wavu, damu ikaganda. Baadae zikaja chembe nyeupe kula uchafu na bakteria walioingia na kisu. Halafu seli za ngozi za pembeni zikaachia pale zilipokuwa zimeshikana na majirani zake, zikaanza kutambaa chini ya kigaga, hizi kutoka upande huu na zile kutoka upande ule, mpaka zikakutana katikati, na zilipogusana tu zikaacha kutambaa. Hakuna msimamizi. Hakuna seli hata moja yenye ramani ya kidole.

Simu ile inafanya mabilioni ya hesabu kwa sekunde moja ila haijui kama imepasuka. Na hata ingejua, ingefanyaje?

Hilo ndo limenirudisha kwenye swali ambalo wengi tunaliona ni la wanafalsafa au la mtu aliyekosa kazi ya kufanya: kuwa hai ni nini?

Nianze na lugha, maana hapa Kiswahili kimetupendelea. Sisi hatuna neno moja, tunayo matatu. Kuna uhai, kuna uzima na kuna maisha. Mbu ana uhai, lakini ukisema maisha yamempiga mbu watu watacheka. Mtu akiuliza hali ya mgonjwa unaweza kumjibu "yuko hai ila sio mzima" na hakuna atakayeomba ufafanuzi. Na huyo "mzima" ndo neno ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu ni neno lile lile la siku nzima, gunia zima, mtu mzima, yaani kitu kamili ambacho hakijamegwa. (Na usiniulize kwa nini kuzima taa kunafanana na kuwa mzima, ni sauti tu zimegongana, japo nimeshawahi kumkuta mtu amejenga falsafa nzima juu ya hilo.)

Ila lugha hiyo hiyo kuna mahali inatupoteza. Tunasema uhai umemtoka, amekata roho, amepoteza maisha, kana kwamba uhai ni kitu kimekaa ndani kama maji kwenye chupa na chupa ikitoboka kinavuja. Kuna watu walilichukulia hilo kwa maana yake halisi kabisa. Mwaka 1907 daktari mmoja Mmarekani, Duncan MacDougall, alitangaza majibu ya jaribio lake la kuwalaza watu waliokuwa wanakata roho kwenye kitanda kilichowekwa juu ya mizani, ili aone uhai ukitoka uzito utapungua kiasi gani. Walikuwa sita. Wa kwanza alipofariki mizani ikaonesha pungufu ya kama gramu 21 na ndo namba ambayo watu wanaibeba mpaka leo wakiambiana ni uzito wa roho, bila kutaja kwamba wagonjwa wawili aliwatoa mwenyewe kwenye hesabu na waliobaki hawakumpa jibu la kueleweka.

Wanakemia nao walikuwa na toleo lao la hiyo chupa, waliamini vitu vinavyotengenezwa na miili vinahitaji nguvu fulani ya uhai ambayo huwezi kuipata maabara, mpaka mwaka 1828 Friedrich Wöhler akatengeneza urea, ile ile inayotoka kwenye mkojo, bila kutumia figo ya mtu wala ya mnyama. Nguvu ya uhai haikufa siku hiyo hiyo, mawazo ya watu hayafi haraka hivyo, ila ndo ilianza kuchechemea.

Kwahiyo kama sio kitu kilichomo, ni nini?

Shuleni tulikaririshwa orodha, viumbe hai wanakula, wanapumua, wanakua, wanasogea, wanatoa taka, wanahisi, wanazaana. Ile orodha ni nzuri kwa kufaulia mtihani. Nje ya mtihani ina shida. Moto unakula kuni, unavuta oksijeni, unakua, unasogea, unatoa majivu na moshi, na cheche moja inazaa moto mwingine. Nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi, karibu wote hawazai, sasa nenda kamwambie nyumbu kwamba hayuko hai uone atakavyokupiga teke.

Halafu kuna virusi. Mwaka 1935 mwanakemia Wendell Stanley alichukua virusi vinavyoshambulia majani ya tumbaku akavisafisha mpaka vikawa fuwele, yaani punje punje kama chumvi unayoweza kuiweka kwenye chupa ukafunga kizibo. Ndani ya ile chupa havili, havipumui, havifanyi lolote. Ukiziyeyusha zile punje ukapaka kwenye jani, ugonjwa unaendelea kama vile hakuna kilichotokea. Tuzo ya Nobel aliyoipata 1946 kwa ajili ya kazi hizo ilikuwa ya kemia, na naona waliompa hawakukosea mlango.

Watu wa NASA, shirika la anga la Marekani, wao walikuwa na shida ya vitendo, huwezi kwenda kutafuta uhai sayari nyingine wakati hujui unachotafuta, kwahiyo 1994 kikundi chao kikaja na sentensi moja, kwamba uhai ni mfumo wa kikemia unaojiendesha wenyewe na wenye uwezo wa kubadilika kwa mageuzi ya Darwin. Ni sentensi nzuri, imedumu. Lakini isome tena taratibu. Mtu mmoja habadiliki kimageuzi, wanaobadilika ni ukoo na ukoo kwa vizazi na vizazi. Kwa kipimo hicho mimi peke yangu nilivyokaa hapa na kidole changu kilichopona sio uhai, ni kipande cha uhai. Wanasayansi wanajibu kwamba walikuwa wanauelezea uhai kama jambo, sio kiumbe mmoja mmoja, sawa nimeelewa, ila swali langu lilikuwa la kidole.

Mimi naona tunakwama kwa sababu tunatafuta jina la kitu wakati tunatakiwa kutafuta kitenzi. Mwaka 1943 mwanafizikia Erwin Schrödinger alitoa mihadhara Dublin akiuliza hilo hilo, na alichokigusa ni rahisi kukiona hata bila hesabu. Ukiacha vitu vyenyewe vinaelekea kuvurugika, chai inapoa, chuma kinapata kutu, ukuta unabomoka. Kiumbe hai nacho kinavutwa huko huko kila sekunde, ila kinapingana na huo mvuto kwa kufanya kazi, kinaingiza chakula na mwanga, kinatoa joto na taka, na katikati ya hiyo biashara ndo kinabaki kama kilivyo.

Fikiria foleni. Watu wanaingia nyuma wanatoka mbele, baada ya saa moja hakuna hata mmoja kati ya wale wa mwanzo, lakini foleni ni ile ile. Chembe nyekundu za damu yako zinaishi kama siku 120 tu, kwahiyo mwili unatengeneza zaidi ya milioni mbili mpya kila sekunde, soma tena, kila sekunde. Ngozi nyembamba ya ndani ya utumbo inabadilishwa ndani ya wiki haifiki. Ile molekuli inayobeba nguvu ndani ya seli, ATP, unayo kidogo tu kwa wakati mmoja ila inazungushwa na kuchajiwa upya mara nyingi kiasi kwamba kwa siku moja jumla yake inakaribia uzito wako mwenyewe. Kuna vichache vinavyokaa, protini za katikati ya lenzi ya jicho umezaliwa nazo na utazikwa nazo, na seli nyingi za ubongo hivyo hivyo. Vingine vyote ni foleni.

Na hizo kazi hatuzijui zote. Mwaka 2016 watafiti Marekani walitangaza bakteria waliyempunguza mpaka akabaki na jeni 473 tu, ukitoa moja zaidi anakufa au anadumaa. Kati ya hizo, 149 walikuwa hawajui zinafanya nini. Kiumbe kidogo kuliko vyote waliowahi kukitengeneza, na karibu theluthi ya wafanyakazi wake kazi zao hazijulikani ila wakigoma tu ofisi inafungwa.

Sasa hapa ndo nafika kwenye ninachotaka kusema. Kitu kinachokuwepo kwa kufanya kazi kinaweza kushindwa hiyo kazi. Jiwe halishindwi kuwa jiwe. Ukilipasua unapata mawe mawili na hakuna aliyepata hasara. Ufa wa simu ni hasara yangu mimi, sio ya simu. Kidonda kilikuwa hasara ya kidole, na ndo maana kidole kilihangaika. Kwa maoni yangu hai ni yule mwenye cha kupoteza, na anajishughulisha asikipoteze, hata kama hajui kwamba anajishughulisha.

Mwangalie bakteria anayeitwa E. koli. Hana ubongo, hana macho, ni seli moja yenye mikia ya kuzungusha. Anaogelea mbele kidogo, anabiringika, anageukia upande wowote, anaogelea tena. Ila mwili wake unalinganisha sukari ya sasa hivi na ile ya sekunde chache zilizopita, ikiwa imeongezeka anachelewa kubiringika, ikiwa imepungua anabiringika mapema. Ndo hivyo tu, na kwa ujanja huo mdogo anajikuta amefika penye sukari. Sasa sukari yenyewe ni molekuli, sio nzuri wala mbaya. Kwa nani ni nzuri? Kwa yule mwenye mikia. Dunia ina miaka kama bilioni 4.5, na masalia ya zamani ya viumbe yanatupeleka nyuma kama miaka bilioni 3.5. Kabla hajatokea kiumbe wa kwanza volkano zililipuka, vimondo vikagonga, bahari zikachemka, na hakuna kibaya chochote kilichotokea, kwa sababu hakukuwa na wa kutokewa.

Ndo maana wanaoniuliza kama hizi programu za kompyuta zinazoongea ziko hai nawajibu haraka haraka, ikizimwa inakosa nini? Umeme analipa mtu mwingine, mashine anatengeneza mtu mwingine, yenyewe haifanyi kazi yoyote ya kuendelea kuwepo. Siku ikianza kuhangaika isizimike tutaongea tena.

Kuna mahali hoja yangu inayumba na sitaki kupita kimya kimya. Mwaka 1702 Antonie van Leeuwenhoek, yule Mholanzi wa hadubini, alichukua vumbi kavu la kwenye mfereji wa paa, akaliloweka, na baada ya muda mfupi akaona vidudu vinaogelea. Walikuwa wamekauka kabisa, hakuna kazi yoyote iliyokuwa inafanyika. Mwaka 2005 mbegu ya mtende iliyochimbwa Masada, ngome ya kale huko Israeli, yenye umri wa miaka kama 2,000, ilipandwa ikaota. Kwa miaka yote hiyo ilikuwa inafanya nini? Karibu na bure. Kama uhai ni kazi basi ile mbegu ilikuwa likizo ndefu kuliko dola nyingi zilizowahi kutawala duniani. Jibu langu ni kwamba bado ilikuwa na cha kupoteza, mpangilio wake ulikuwa unaweza kuoza na yenyewe ingekuwa ndo basi, lakini najua ukinibana kwamba hata virusi vya Stanley kwenye chupa vingeweza kuharibika sina pa kutokea. Tofauti ninayoiona ni kwamba mbegu ikilowa inaianza kazi yenyewe, virusi vinahitaji kiwanda cha mtu. Inatosha? Inatosha kwangu kwa leo.

Tuje kwenye kifo, maana huko ndo ile picha ya chupa inavunjika kabisa. Zamani ilikuwa rahisi, pumzi ikikata moyo nao unasimama, yameisha. Halafu mwaka 1952 polio ikapiga Copenhagen, wagonjwa wakawa wanashindwa kupumua na mashine hazitoshi, daktari Bjørn Ibsen akapendekeza watobolewe kooni na wasukumiwe hewa kwa mfuko wa mpira, kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari mamia kwa mamia wakapangwa zamu usiku na mchana, mmoja amekaa pembeni ya kitanda anabonyeza mfuko, anabonyeza, anabonyeza, pumzi ya mtoto wa mtu iko kwenye kiganja chake. Kutokea hapo zikaja mashine za kupumulia na wodi za wagonjwa mahututi, na pamoja nazo likaja jambo jipya duniani, mwili wenye moyo unaodunda na ubongo ambao hautarudi tena. Mwaka 1968 kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ikaandika vigezo vya hali hiyo, na leo nchi nyingi zinakubali kwamba ubongo ukifa wote mtu amekufa.

Kwenye karatasi inaeleweka. Baba yangu mdogo alipofikia hapo tuliitwa tukaambiwa ubongo umeshakufa. Shangazi, dada yake wa kuzaliwa, alikuwa amemshika mkono, akasema mbona mkono wa moto. Daktari alikuwa kijana mpole akamjibu, "Seli zake zinapata hewa mama, bado zinafanya kazi. Yeye ndo hayupo." Shangazi akamuangalia, akamuuliza, "Sasa zinamfanyia nani kazi?" Kijana wa watu hakujibu. Baadae shangazi akaona ndevu zimeota, siku tatu kitandani zile, na baba mdogo hakuwa mtu wa kukaa na ndevu, akaomba wembe akamnyoa, taratibu, akizunguka ile plasta iliyoshika mpira mdomoni. Mashine ilizimwa kesho yake asubuhi.

Lile swali la shangazi nimelibeba miaka. Na naona lile neno uzima ndo linalosaidia, kwa sababu pale kitandani uhai ulikuwepo, seli moja moja, matrilioni, kilichokuwa kimeondoka ni ule uzima wa kuzifanya ziwe za mtu fulani.

Na upande wa pili wa sarafu hiyo ni Henrietta Lacks, Mmarekani aliyefariki Oktoba 1951 kwa saratani. Seli za uvimbe wake zilichukuliwa bila yeye kuombwa ruhusa na mpaka leo zinagawanyika kwenye maabara dunia nzima, zimemzidi umri mwenye nazo. Mtu hayupo, seli zake hazijui. Zina uhai kuliko kawaida, zimekataa kabisa kufa, na ndo kilichomuua. Kwa sababu mwili mzima unahitaji seli zinazokubali kufa, tena kwa utaratibu. Mkono wako ulipokuwa unaumbwa tumboni ulianza kama kasia, vidole vimeungana kwa nyama, vikaachana pale seli za katikati yake zilipojiua. Yaani hizo nafasi kati ya vidole ni makaburi.

Wenye dini msinirukie. Anayeamini uhai ni zawadi simpingi, ninachosema ni kwamba zawadi yenyewe inafanana zaidi na kupewa kazi kuliko kupewa mzigo wa kutunza kabatini.

Na lile swali kubwa, maana ya maisha, watu wanalizungusha kama vile jibu limefichwa nyuma ya nyota halafu ulimwengu umegoma kulitoa. Huko kwenye nyota sidhani kama kuna la kujibiwa, huko hakuna kinachoweza kuharibikiwa. Nzuri na mbaya ziliingia duniani kupitia huku chini, kwa vidudu vinavyonusa sukari, na sisi tumeongeza juu yake mambo ambayo bakteria hana, kumbukumbu, aibu, ahadi, ndevu za kaka yako. Shangazi mpaka leo akimtaja baba mdogo anasema "yeye anapenda hivi", sio alikuwa anapenda. Mimi simrekebishi.

Jana kigaga kimedondoka chenyewe. Chini yake kuna ngozi mpya, laini, rangi yake imepauka kidogo na mistari ya kidole imepinda pale kovu lilipopita. Nikakiweka kwenye simu ile ile yenye ufa nifungue, ikagoma, nikaweka tena, ikaniambia alama ya kidole haitambuliki.